Namba Kumi na Saba

Siku ya kwanza Mwalimu Nyanjige hakutufundisha kuunda kitu.
Alitupa taa mpya, ingali kwenye nailoni yake,
akasema: iueni.
Sisi tuliotoka chuoni na vyeti ndani ya bahasha
tukatazamana.
Koku, mtoto wa Muleba, akauliza polepole, "Tuiue kwa nini?"
"Ili isimfie mtu."

Karakana ilikuwa Nyakato, nyuma ya ghala la pamba,
bati juu, na majabali ya Mwanza ubavuni
yakirudisha joto la mchana kama mkopo.
Tanuri moja. Jokofu moja lililowahi kuhifadhi sangara,
harufu haijahama hata leo.
Meza ya kutikisa tuliiunda wenyewe kwa mota ya mashine ya kusaga.

Tukachoma. Tukagandisha. Tukatikisa usiku kucha
mpaka jirani akaja na debe lake la mahindi
akiuliza foleni inaanzia wapi.

Mwalimu alipita na kikombe cha uji,
akisema, "Isiyofunzwa na tanuri itafunzwa na ziwa."
Tukaandika kila kifo na saa yake:
lehemu iliyopasuka, waya uliochomoka,
kapasita iliyovimba kama shavu lenye jino bovu.
"Imeharibika" si jibu, alituambia. Hicho ni kilio.
Niambie ilianzia wapi.

Mwezi wa tatu zikarudi taa kumi na moja kutoka Ukara,
ndani ya gunia la dagaa,
na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule:
Zinazima saa nane usiku.
Karabai ilinuka, lakini ilitufikisha asubuhi.
Wenu, Mazigo, mitumbwi mitatu.

Chema chajiuza. Kibovu, tulijifunza, chajirudisha.

Tukazifungua. Kila moja, kijiko kimoja cha maji,
na nyingine mdudu, wa wale wanaopanda juu ya ziwa kama moshi.
Lakini taa hizi tulizizamisha!
Saa nzima ndani ya pipa, zikatoka kavu.
Tulizichoma pia, nyuzi sabini, zikatoka zinawaka.
Nikafungua daftari. Mhuri upo. Sahihi yangu ipo.

Mwalimu hakulitazama daftari.
"Nani huziosha?"

Kuosha hakukuwa na safu kwenye fomu yetu.

Tukapiga simu. Mazigo akampa kijana wake, Magesa,
sauti bado inavunjikavunjika:
"Mchana naziacha juu ya mwamba zinywe jua.
Jioni zina magamba, halafu zina moto, hazishikiki.
Basi nazitosa ziwani zipoe."

Zipoe.
Koku ndiye wa kwanza kujishika kichwa.
Hewa ya moto ikipoa ghafla husinyaa;
taa huvuta pumzi
kama wewe ukimwagiwa maji ya alfajiri,
na pale mpira wa kuziba ulipolegea unywele mmoja
ndipo ziwa hupitia.
Sisi tuliitesa kwa moto Jumatatu,
kwa maji Alhamisi,
katikati tukaipumzisha kama mgonjwa wa hospitali ya kulipia.
Magesa hana Alhamisi.

Sasa tanuri na pipa vimesogezwa hadi vikagusana.
Navaa glovu za mwoka mikate,
nyuzi sabini, kisha chubwi,
nyuzi sabini, kisha chubwi,
taa arobaini zenye mpira mpya,
na kila jioni nyingine inakata roho mikononi mwangu.
Sizihurumii tena. Naziuliza.

Kwenye fomu nimeongeza safu kwa kalamu nyekundu.
Mstari wa jana usiku unasomeka hivi:

Na. 17. Mara ya 212. Inawaka.
Sababu: sijui.

Mwalimu ameipigia mstari hiyo "sijui",
akaandika pembeni, kwa mwandiko wake wa haraka:
Iliyopona nayo ichunguzwe.